Sura ya Sita: Wanaojitolea na Mita ya Jengo

Washington ni mji wa ofisi. Hakuna viwanda vya chuma pale wala bandari ya makontena. Kinachotengenezwa ni sheria, ripoti, bajeti na maamuzi, na vyote hutoka ndani ya majengo yanayopashwa joto Januari, yanayopozwa Julai na kuwashiwa taa mwaka mzima. Ndiyo maana karibu robo tatu ya gesijoto zinazohesabiwa ndani ya Wilaya ya Columbia, yaani mji huo wenyewe, hutokana na majengo. Ukitoka nje ya wilaya mambo ni yale yale, ila majengo yanazidi ukubwa. Ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Virginia, kuna jengo la Pentagon, lililokamilika mwaka 1943, ambalo korido zake ukiziunganisha zinafika kilomita 28. Upande wa Maryland kuna Taasisi za Taifa za Afya, NIH, huko Bethesda, zenye majengo zaidi ya 75 kwenye eneo la zaidi ya ekari 300, na kituo cha Goddard cha shirika la anga la NASA mjini Greenbelt. Majengo ya namna hii yana wahandisi wake, mafundi wake wa boila na maofisa wake wa mazingira wanaolipwa mishahara. Lakini mengi yana pia watu wa aina nyingine: karani, mtafiti, mhasibu, katibu muhtasi, ambao saa ya chakula cha mchana hukutana kujadili ndoo za taka, printa, friza na mahali pa kuegesha baiskeli. Hawalipwi hata senti kwa kazi hiyo, wala haimo katika barua zao za ajira. Kwa kawaida hujiita kamati ya mazingira au timu ya kijani, na mabosi wao huwakumbuka zaidi inapokaribia Aprili 22, Siku ya Dunia.

Ni rahisi kuwasifu watu hawa, na ni rahisi vilevile kuwapuuza. Anayewasifu huwahesabu kwa idadi ya chupa walizookota. Anayewapuuza huchukua hesabu hiyo hiyo, akailinganisha na bili ya umeme ya jengo zima, akaona haifui dafu. Wote wawili wanapima mahali pasipo na mali. Thamani ya mfanyakazi anayejitolea imo katika mambo mawili: anajua jinsi kitu kinavyotumika hasa, jambo ambalo mhandisi wa jengo halioni kwenye mita, na anaweza kuusukuma ujuzi huo mpaka uingie kwenye mkataba wa usafi, kwenye orodha ya manunuzi, au kwenye mpangilio wa mashine tangu inapofunguliwa kwenye boksi. Jambo likishaingia huko, linaendelea kufanyika hata wote walioliasisi wakihamia Seattle. Likibaki mikononi mwa wenye moyo, litakufa siku wenye moyo watakapochoka. Kipimo cha kamati ya mazingira, kwa hiyo, ni mambo mangapi yamekoma kuihitaji.

Tuanze na friza, kwa sababu ndipo hoja hii inapoonekana kwa macho. Maabara za utafiti wa tiba, na NIH imejaa maabara hizo, huhifadhi sampuli katika friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza moja ya zamani ya aina hii inaweza kula umeme wa kilowati-saa 20 kwa siku, kiasi kinachokaribia matumizi ya nyumba nzima ya familia ya Kimarekani. Mhandisi wa jengo anaona umeme ukipanda kwenye mita. Hawezi kujua ni friza ipi ina kitu cha maana. Anayejua ni mtafiti anayeifungua. Barafu imeganda ukingoni kiasi kwamba mpira wa mlango haubani. Kwenye mlango kumebandikwa karatasi yenye majina ya watu walioondoka miaka mingi iliyopita. Ndani kuna visanduku ambavyo lebo zake zimefutika, na hakuna anayethubutu kuvitupa kwa sababu hakuna anayejua ni vya nani. Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapokuwa na kazi ambayo hakuna fedha inayoweza kuinunua kwa urahisi. Anakaa na wenzake, wanapitia droo moja baada ya nyingine, wanaandika kilichomo, wanatupa kisicho na mwenyewe, wanakwangua barafu, na mwishowe wanagundua kwamba friza mbili zinatosha kuwa moja. Kisha linakuja swali la nyuzi zenyewe. Ukipandisha friza kutoka nyuzi 80 hadi nyuzi 70 chini ya sifuri, matumizi ya umeme hupungua kwa takriban asilimia 30, na sampuli nyingi hazidhuriki. Lakini ni nani atakayesema zipi hazidhuriki? Msimamizi wa jengo hana mamlaka hayo wala elimu hiyo. Mwenye sampuli ndiye anayeweza kusema, na akishasema, kinachobaki ni kubonyeza kitufe mara moja. Kuna mashindano ya kimataifa ya friza za maabara, yanayoendeshwa na mashirika ya My Green Lab na I2SL, ambayo maabara za NIH nazo zimeshiriki, na msingi wake wote ni huu: asiyelipwa kutunza nishati ndiye pekee anayejua nishati inapovujia.

Hali ni hiyo hiyo kwa makabati ya kufyonza mvuke wa kemikali. Kabati moja linalofanya kazi usiku na mchana hutoa nje hewa ambayo jengo limetumia fedha kuipasha joto au kuipoza, na inakadiriwa kwamba hula nishati nyingi kuliko nyumba tatu. Kioo chake cha mbele kikishushwa, katika majengo yenye mfumo unaojirekebisha, hewa inayotoka hupungua papo hapo. Kazi yote ni kushusha kioo. Hata hivyo hakuna mwajiri atakayemweka mlinzi katika kila maabara kuangalia vioo, na ndiyo maana kazi hiyo imekuwa ya watafiti wenza walio karibu: kibandiko chenye rangi, neno la kukumbushana jioni, na baadaye, pale hoja inapokubalika, kifaa kinachopiga kengele kioo kikiachwa wazi. Kifaa hicho ndicho ushindi. Kibandiko kilikuwa njia ya kukifikia.

NIH ina mfano mwingine wa zamani kidogo unaofundisha vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulianzishwa pale kampeni ya kuondoa zebaki, iliyopewa jina linalokumbusha watengeneza kofia wa kale waliopata wazimu kwa sumu hiyo. Zebaki ilikuwa kila mahali: kwenye vipimajoto, kwenye mashine za kupimia shinikizo la damu, ndani ya droo ambazo hazijafunguliwa kwa miaka. Kipimajoto kikivunjika, usafi wake ni wa gharama kubwa kuliko bei ya kipimajoto chenyewe mara nyingi, na masalia yakiingia kwenye bomba la maji machafu yanakuwa mzigo wa kaunti nzima. Taasisi inaweza kupiga marufuku ununuzi wa vipya kwa waraka mmoja. Vya zamani vitoke vipi droo­ni? Ni lazima mtu afungue droo yake mwenyewe. Marufuku ilihitaji ofisi, na droo zilihitaji wafanyakazi. Ukikosa kimoja, zebaki inabaki.

Upande wa karatasi na kompyuta ushahidi ni mkubwa zaidi, kwa sababu serikali ya shirikisho ni mnunuzi asiye na mfano. Aprili 1993 Rais Clinton alitoa amri kwamba kompyuta zinazonunuliwa na serikali ziwe zile zenye alama ya Energy Star, mpango ulioanzishwa mwaka mmoja kabla na Shirika la Hifadhi ya Mazingira, EPA. Sharti lilikuwa dogo: kompyuta isipoguswa kwa muda, ijilaze yenyewe na isitumie zaidi ya wati 30. Oktoba mwaka ule ule ikafuata amri nyingine: karatasi ya ofisi iwe na angalau asilimia 20 ya nyuzi zilizotokana na karatasi iliyokwisha kutumiwa, na baadaye asilimia 30. Watengenezaji hawakuwa tayari kukosa mteja mkubwa kuliko wote duniani, wakabadilisha bidhaa zao, na mabadiliko hayo yakawafikia hata wanunuzi ambao hawakuwahi kusikia habari ya amri hiyo, wakiwemo wa Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 2009 Rais Obama aliongeza kwamba mashine za serikali zipangwe kuchapa pande mbili za karatasi. Kwa miaka mingi kamati za wafanyakazi zilikuwa zikibandika matangazo juu ya printa kuwaomba watu wachape pande mbili. Tangazo la kuomba huchakaa, na anayeharakia kikao hana muda wa kulisoma. Mpangilio wa mashine hauchakai: anayetaka upande mmoja ndiye anayepaswa kuhangaika. Mtu akisema kwamba amri ya rais si kazi ya wafanyakazi wa kujitolea, anasema kweli. Lakini amri inapotua ofisini ni karatasi tu mpaka apatikane mtu wa kuuliza kwa nini mashine ya ghorofa ya nne bado inachapa upande mmoja, na mtu huyo mara nyingi ni mmoja wa kamati ile.

Sasa tutazame jaribio lililokwenda kinyume, tena mahali penye macho mengi kuliko pote. Mwaka 2007 Spika Nancy Pelosi alimtaka ofisa mkuu wa utawala wa Baraza la Wawakilishi, Daniel Beard, afanye majengo ya Baraza yasiongeze hewa ukaa angani. Mpango ulikuwa na nia njema na mambo mengi mazuri, lakini mambo mawili yake yaligeuka mwiba. La kwanza, ili kufikia lengo haraka, Baraza lilinunua hati za kufidia hewa ukaa kwenye soko la Chicago kwa takriban dola 89,000, na baadaye magazeti yakaonyesha kwamba baadhi ya fedha ziliwafikia wakulima kwa ajili ya kilimo walichokuwa wakikifanya hata kabla ya kulipwa. La pili ni migahawa. Sahani na vijiko vya plastiki viliondolewa, vikaletwa vya miwa na wanga wa mahindi, ili mabaki yote yageuzwe mboji. Walaji walilalamika kwamba uma zinavunjika na vijiko vinalegea kwenye supu. Mwezi Januari 2011, Baraza lilipochukuliwa na chama kingine, mwenyekiti mpya wa kamati husika, Dan Lungren, alisimamisha mpango wa mboji akisema unagharimu dola 475,000 kwa mwaka na faida yake kwa hewa ni ndogo mno. Vikombe vya plastiki nyeupe nyepesi vikarudi mezani.

Wapo wanaosoma kisa hiki kama hadithi ya siasa tu, na siasa ilikuwamo. Mimi naona kina jambo zaidi. Mgahawa ndio sehemu ya jengo ambapo mlaji hana budi kushirikiana: ndiye anayetenganisha mabaki, ndiye anayeshika kijiko. Mpango uliteremka kutoka ofisi ya juu ukiwa umekamilika, na wenye kuutumia wakaujulia mezani. Kijiko kinacholegea ni tatizo ambalo wafanyakazi 20 wangeligundua kwa wiki moja ya kujaribu, kabla ya kununua mamilioni. Na mpango ulipokuja kufutwa, haukuwa na wenyewe wa kuutetea. Linganisha na mtambo wa kupasha joto majengo hayo hayo ya Bunge, uliojengwa mwaka 1910 na kuendeshwa kwa makaa ya mawe kwa karibu karne nzima. Mwaka 2000 maseneta wawili kutoka majimbo ya makaa, Robert Byrd wa West Virginia na Mitch McConnell wa Kentucky, walizuia pendekezo la kuuhamishia kwenye gesi. Februari 2009 Pelosi na kiongozi wa Seneti, Harry Reid, waliandika barua ya kutaka makaa yaachwe, na maelfu ya waandamanaji wakauzunguka mtambo huo siku chache baadaye, theluji ikianguka. Mtambo ukahamishiwa gesi. Gesi nayo ni mafuta ya ardhini, si jibu la mwisho; lakini hakuna aliyekuja mwaka 2011 kuyarudisha makaa, kwa sababu burna na mabomba yakishabadilishwa, kurudi nyuma kunakuwa na gharama kubwa kuliko kusonga mbele.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapotokea, nalo ni la haki: kama mabomba ndiyo yanayodumu, basi tuwaachie wahandisi, na watu wa kujitolea warudi kwenye meza zao. Ushahidi wa upande huo ni mzito. Kituo cha Goddard tangu mwaka 2003 kilipasha joto majengo yake kwa methani inayotoka kwenye dampo la taka la Sandy Hill, gesi ambayo ingepotea hewani au kuchomwa bure. NIH ina mtambo wa megawati 23, uliokamilika mwaka 2004, unaozalisha umeme na papo hapo kuutumia moto wake kutengeneza mvuke wa kupasha majengo. Hakuna kamati ya mchana inayoweza kufikia namba hizo. Na Gigiri, Nairobi, jengo la ofisi za UNEP na UN-Habitat lililofunguliwa Machi 2011 na Ban Ki-moon na Rais Mwai Kibaki linafika mbali zaidi: mita za mraba 6,000 za paneli za jua kwa wafanyakazi 1,200, bila viyoyozi, hewa moto ikipandia katikati ya jengo na kutokea juu. Msanifu aliyajibu maswali yote kabla mfanyakazi wa kwanza hajaingia. Lakini tazama jambo moja la Gigiri: hesabu ya paneli zile ilisimama juu ya sharti kwamba wafanyakazi watumie kompyuta mpakato badala ya zile kubwa za mezani. Paneli hutoa kiasi kile kile. Vifaa vikiongezeka mezani, kila mtu na birika lake na hita yake, hesabu inavurugika. Na Washington haina hali ya hewa ya Nairobi. Kiangazi chake ni cha joto la unyevunyevu kama la Dar es Salaam mwezi Februari, baridi yake hugandisha mabomba, na majengo yake mengi yalijengwa wakati nishati ilikuwa rahisi. Katika majengo kama hayo mhandisi hawezi kuanza upya. Anarekebisha, na ili arekebishe anahitaji kujua kwamba ofisi za upande wa kaskazini watu wanavaa makoti Julai huku za upande wa kusini wamefungua madirisha Januari. Mita ya jengo inampa jumla. Malalamiko yaliyokusanywa kwa utaratibu, chumba kwa chumba, saa kwa saa, yanampa ramani.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi, kwa sababu linahusu haki. Kujitolea kwa mtu wa mezani kunaweza kuwa mzigo juu ya mgongo wa mtu mwingine. Katika ofisi za Marekani kila meza huwa na kandoo kake ka taka kenye mfuko wa plastiki, na mfanya usafi hupita usiku kukamwaga na kubadilisha mfuko, hata kama ndani mna ganda moja la ndizi. Kamati ya mazingira inapogundua upotevu huo, suluhisho la kwanza linalokuja akilini ni kuongeza ndoo: ya karatasi, ya chupa, ya mabaki ya chakula. Nani atazimwaga zote? Ni yule yule, kwa mshahara ule ule na saa zile zile. Katika jiji hili, mara nyingi ni mhamiaji kutoka El Salvador au Ethiopia aliyeajiriwa na kampuni ya mkataba, ambaye hakualikwa kwenye kikao cha mchana na ambaye kikao kikifanyika yeye amelala baada ya zamu. Kisha ndoo zikichanganywa anapewa lawama. Kamati inayofanya kazi yake vizuri huanza kwa ukaguzi wa taka: turubai linatandazwa chini, glavu zinavaliwa, mifuko ya siku moja inamwagwa na kupangwa mafungu, kila fungu linapimwa kwenye mizani. Katika saa mbili tu watu wasiojua lolote wanaona kwamba uzito mkubwa ni mabaki ya chakula na vikombe, na kwamba karatasi nyeupe nzuri imeharibiwa na kahawa. Wafanya usafi wakiwepo pale, wanasema jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua: ni ghorofa ipi inayochanganya, na ni ndoo ipi haijawahi kujaa. Uamuzi unaotokana na hapo kwa kawaida ni kuondoa kandoo ka mezani na kuweka kituo kimoja cha ndoo kwa kila korido, mwenye taka azipeleke mwenyewe. Mifuko inapungua, hatua za mfanya usafi zinapungua, na mkataba ukiandikwa upya saa zilizookolewa zinapaswa kubaki kwake kama kazi ya kutenganisha, zisigeuzwe kuwa sababu ya kumpunguza kazini. Pasipo kifungu hicho, sifa ya mazingira imenunuliwa kwa jasho la mtu mwingine, na kamati ina wajibu wa kulisema hilo mbele ya menejimenti hata likiwaudhi wakubwa.

Kuna wanaouliza pia kama yote haya yana maana katika mji ambao upepo wa siasa hugeuka kila uchaguzi. Historia inawapa sababu ya kuuliza. Mwaka 1979 Rais Carter aliweka paneli 32 za kuchemshia maji kwa jua juu ya paa la Ikulu, na kanuni ya dharura ikaagiza ofisi zisipozwe chini ya nyuzi joto 26 kiangazi wala kupashwa zaidi ya 18 wakati wa baridi. Reagan aliifuta kanuni ile mapema mwaka 1981, na paneli zikashushwa mwaka 1986. Obama aliibadilisha amri yake ya 2009 kwa nyingine 2015, na hiyo ikafutwa na Trump 2018. Biden akatoa yake Desemba 2021, akilenga majengo yote ya shirikisho yasiongeze hewa ukaa ifikapo 2045. Nayo ikafutwa Januari 2025. Lakini angalia kilichobaki baada ya kila wimbi. Kanuni ya nyuzi joto, iliyotegemea kila ofisi kutii na kuvumilia, iliyeyuka kwa saini moja. Kompyuta za 1993 hazikurudi nyuma. Nauli ya usafiri wa umma ambayo amri ya Aprili 2000 iliagiza wafanyakazi wa shirikisho wa eneo hili walipiwe iliingia kwenye mafao ya ajira na ikavuka marais wa vyama vyote. Vivyo hivyo friza iliyozimwa haiwashwi kwa sababu serikali imebadilika. Mfanyakazi wa kujitolea, tena, ana kitu ambacho mkuu wa idara aliyeteuliwa hana: muda. Mteule huja na kuondoka kwa miaka minne. Mtumishi wa kawaida anaweza kukaa 20 au 30, akijua mikataba inaisha lini.

Sisemi kwamba kila kinachofanywa na kamati hizi kina uzito sawa. Februari 2009 Waziri wa Kilimo Tom Vilsack alianzisha bustani iliyoitwa ya watu, kando ya jengo la Whitten kwenye uwanja wa National Mall, pale palipokuwa na lami, na wafanyakazi wa wizara wakajitolea kuitunza. Nyuma yake kuna jengo la kusini la wizara hiyo, ambalo kabla ya Pentagon ndilo lililokuwa jengo kubwa kuliko yote ya ofisi duniani. Mboga za bustani ile hazikuweza kubadilisha bili ya jengo hilo hata kwa tone. Ila lami ilipoondolewa maji ya mvua yalipata pa kuzama badala ya kukimbilia mferejini, na watu wa idara ambazo hazizungumzi walishika majembe pamoja. Hicho cha pili ni mtaji, mradi utumike. Tanzania nayo inaijua tofauti kati ya tukio la siku moja na utaratibu unaodumu. Rais Magufuli aliagiza sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 ziwe siku ya usafi, naye akaokota taka mwenyewe. Nchi nzima ikatoka. Lakini mtaa hauwezi kuendelea kuwa safi miezi sita baadaye bila gari la taka lenye ratiba na mtu wa kulilipa.

Upotevu mkubwa kuliko wote haujaguswa bado na kamati nyingi, nao ni ukubwa wa jengo lenyewe. Julai 2023 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, GAO, ililieleza Bunge kwamba kati ya idara 24 za shirikisho ilizozichunguza, 17 zilikuwa zikitumia takriban robo au pungufu ya nafasi ya makao yao makuu, huku serikali ikitumia kama dola bilioni 2 kwa mwaka kuendesha na kutunza ofisi zake. Korido zilikuwa zikipashwa joto bila mpita njia. Unaweza kuwa na printa bora, ndoo bora na taa zinazojizima, na bado ukawa unapoza ghorofa tupu. Amri ya Januari 2025 ya kuwarudisha watumishi ofisini ilijaza viti, lakini haikujibu swali la ghorofa ngapi zinahitajika. Kamati zimeliogopa jambo hili kwa sababu linagusa nafasi za watu, vyeo na ofisi zenye dirisha. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo hakuna mwingine ndani ya jengo anayeweza kuhesabu kwa uaminifu, bila kutumwa na mwenye jengo wala na mkuu anayelinda eneo lake, ni meza ngapi zilikaliwa Jumanne na ngapi Ijumaa.

Na hesabu hiyo ina mahali pa kupelekwa. Ofisi nyingi za shirikisho eneo la Washington ziko kwenye majengo ya watu binafsi kwa mikataba ya pango ambayo mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi. Sheria ya nishati ya mwaka 2007 inataka, tangu Desemba 2010, serikali ipange katika majengo yenye alama ya Energy Star, isipokuwa kwa sababu maalumu. Ndani ya Wilaya ya Columbia majengo makubwa ya binafsi hutangaza matumizi yao ya nishati kila mwaka, na tangu 2021 yale ya zaidi ya mita za mraba 4,600 yana kiwango yanachopaswa kukifikia. Kwa hiyo mfanyakazi anaweza kulitafuta jengo lake kwenye orodha ya wazi, akaona liko juu au chini ya majirani zake, akamuuliza ofisa ununuzi swali moja: pango linaisha lini? Kama jibu ni miaka minane ijayo, kamati ishughulike na friza, printa na mkataba wa usafi, ambao huenda unaisha mapema zaidi. Kama ni miaka miwili, basi kazi ya kuhesabu meza, kukusanya malalamiko ya joto na kuandika vifungu vinavyotakiwa kwenye pango jipya ianze wiki hii, kwa sababu zabuni ikishatangazwa kamati haitakuwa na la kusema mpaka mwongo mwingine upite.